Barua kwa mwanangu: nyimbo za meza ya shukrani

St. Paul, Minnesota
Novemba

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako niliipokea Jumapili, pamoja na za wajukuu zangu. Marahaba sana. Mimi ni mzima. Theluji ya kwanza imeshaanguka huku, na magoti yananikumbusha kila nikipanda ngazi za basi.

Uliponiambia kwenye simu kwamba mwaka huu Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani (Thanksgiving) itakuwa kwako Chicago, na kwamba mama mkwe wako amekuuliza nani ataanzisha nyimbo, nilinyamaza mpaka ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia kwamba sitakuwepo. Nimepangiwa zamu ya usiku Alhamisi ile, na nimekosa wa kubadilishana naye. Kwa hiyo ni wewe, mama. Tangu una miaka mitano umekaa ubavuni mwangu nikianzisha. Sasa anzisha wewe, wanao wakae ubavuni mwako.

Nilikuahidi orodha. Nimeiandika mara mbili nikaichana. Babu yako, miaka yote aliyofundisha kwaya, hakutoa sauti ya kuanzia hata siku moja kabla hajatusimulia wimbo umetoka wapi na aliyeutunga alikuwa amepatwa na nini. Tulikuwa tunanung'unika, tunataka tuimbe upesi twende tukacheze. Leo nikishika kitabu cha nyimbo namsikia yeye kwanza, wimbo baadaye. Basi nakuandikia kama alivyotufundisha, na utanisamehe urefu.

Naanza na ule mkubwa wa Kijerumani, Nun danket alle Gott, yaani "Sasa wote mshukuruni Mungu". Wamarekani wanauimba kwa tafsiri ya Kiingereza ya Catherine Winkworth ya mwaka 1858, lakini mimi niliukuta kwa Kiswahili. Nikiwa mtoto niliamini ni wimbo wetu, umetungwa pale pale kijijini na mzee fulani aliyekwisha kufa, kwa sababu wazee waliuimba wamefumba macho, na akina mama walivuta mwisho wa kila mstari kwa namna ambayo sijaisikia tena popote. Wamisionari wa Berlin walifika nyanda za juu za kusini mwaka 1891, na nyimbo hizi walikuja nazo. Kufikia wakati wangu zilikuwa zimeshakaa nasi maisha mazima ya mtu, zimekuwa za nyumbani.

Sisi tuliuimba kwenye sikukuu ya mavuno. Wewe uliiona mara moja tu, tulipokwenda ukiwa na miaka tisa: magunia ya mahindi mbele ya madhabahu, maharage, viazi, mayai kwenye vikapu, na baada ya ibada mnada pale nje, ukalia kwa sababu kuku uliyemshikilia alinunuliwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo picha uliyobaki nayo, na ni nzuri. Lakini mavuno ninayoyakumbuka mimi ni ya mwaka 1974. Nilikuwa na miaka minane. Ndio mwaka wa Operesheni Vijiji mkoani kwetu Iringa. Watu walitolewa kwenye mashamba yao ya zamani wakapelekwa vijiji vipya, mihogo na migomba ikaachwa nyuma, na miaka ile mvua nayo ilikuwa ya kubahatisha nchi nzima. Tulikula unga wa mahindi ya njano yaliyotoka Marekani, ule walioupa jina la yanga. Ulikuwa na harufu ambayo bibi yako hakuizoea mpaka mwisho.

Sikukuu ilipokaribia watu walianza kusema iahirishwe. Tutapeleka nini? Babu yako akasema ibada itakuwepo. Bibi akatia ulezi kwenye kibuyu kidogo, kibaba kimoja hakifiki, akatembea nao mbele ya kanisa kama mtu anayepeleka gunia. Nakumbuka mezani palikuwa na maboga mawili, mayai machache na fungu la majani ya maboga. Basi. Babu akasimama mbele yetu, kabla ya kutoa sauti, akasimulia habari za mchungaji wa Eilenburg.

Nakusimulia kama alivyosimulia, na nimeongeza niliyoyasoma baadaye. Martin Rinckart alikuwa mchungaji katika mji huo wa Saksonia, Ujerumani, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza 1618 vikaisha 1648. Mji ulikuwa na ukuta, kwa hiyo wakimbizi walikimbilia humo wakajazana, na penye msongamano na njaa maradhi hayakawii. Mwaka 1637 tauni ikaingia. Wachungaji wenzake wengine walikufa, mwingine akaondoka, akabaki yeye peke yake na mji mzima. Kuna siku alizika watu arobaini, hamsini. Kwa mwaka ule inahesabiwa alizika zaidi ya 4,000, na mmoja wao alikuwa mke wake.

Utawasikia watu wakisema aliutunga wimbo huu akitoka makaburini. Hapana. Alikuwa ameshautunga, karibu mwaka 1636, na hakuutungia kanisa. Aliuita sala ndogo ya mezani. Maneno ya beti mbili za kwanza aliyachukua kwenye kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 50, ya tatu akaifanya ya kumtukuza Baba, Mwana na Roho. Tuni tunayoijua ilichapishwa na Johann Crüger mwaka 1647. Lakini kabla ya tuni na kinanda na kwaya, yalikuwa maneno ya kusema watu wakiwa wameketi kula nyumbani.

Mwanangu, hapa ndipo moyo wangu unapokaa kila mwaka. Nawawaza watoto wa nyumba ile siku waliporudi kumzika mama yao. Wamekaa mezani, kiti kimoja kitupu, na sala waliyoizoea ni hii, inayomshukuru Mungu aliyetubariki tangu mikononi mwa mama zetu. Sijui kama waliweza kuisema. Najua kwamba bibi yako, mwaka ule wa ulezi, aliiimba yote, na alikuwa amemzika mdogo wangu miezi minne kabla. Sijawahi kukwambia habari za mtoto huyo. Nitakwambia tukikutana.

Ndiyo maana nataka uanze na huu, kabla bata mzinga hajakatwa, na uimbwe beti zote tatu. Mtu akikwambia beti moja inatosha, chakula kinapoa, mwambie kipoe. Mama mkwe wako anaujua kwa Kijerumani, alifundishwa na bibi yake. Mwombe aimbe ubeti wa kwanza kwa Kijerumani. Wa pili muimbe wote kwa Kiingereza. Wa tatu uimbe wewe kwa Kiswahili, hata kama ni peke yako. Usiogope. Novemba yangu ya kwanza hapa, mama mmoja mzee wa usharika alinikaribisha kwake, mimi sijui hata kushika kile kijiko cha mchuzi, watu kumi na wanne wananitazama kwa huruma. Walipoanza tuni ile nikaingia kwa sauti ya pili, kwa Kiswahili, bila kufikiri. Yule mama aliweka uma chini. Mpaka alipofariki alikuwa ananiita dada.

Ukimaliza huo, someni Zaburi ya 100. Ile inayosema, "Ingieni malangoni mwake kwa kushukuru, nyuani mwake kwa kusifu." Tuni yake, ile ya kila mtu, ni ya kitabu cha zaburi cha Geneva cha mwaka 1551. Wale Waingereza waliofika Plymouth na meli ya Mayflower mwaka 1620 hawakuwa na nyimbo za aina tunazoimba sisi. Waliimba zaburi tu, bila kinanda, kutoka kitabu cha Henry Ainsworth kilichochapwa Amsterdam mwaka 1612. Watu 102 walisafiri. Majira ya baridi ya kwanza yaliua karibu nusu yao.

Na hapa nakuja kwenye jambo ambalo miaka yote nililikwepa mbele yako.

Ulipokuwa darasa la kwanza ulirudi nyumbani umevaa kofia ya karatasi yenye manyoya ya kuchora, na wimbo wa kuwashukuru "Wahindi", ndivyo walivyowaita wenyeji wa asili wa Marekani, waliowalisha wageni. Nilikupiga picha. Picha ninayo, na kila nikiitazama inanichoma. Nilikuwa mgeni, nilitaka upendwe shuleni, sikuuliza kitu. Sasa wanao wako umri ule ule, kwa hiyo nakuomba usifanye nilivyofanya mimi.

Karamu ya mwaka 1621 pale Plymouth, ile inayosimuliwa kuwa chanzo cha sikukuu hii, ilikuwepo. Edward Winslow aliiandika kwenye barua: siku tatu, mfalme Massasoit wa Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, akaja na watu wapatao tisini, wakaleta kulungu watano. Barua ile haitaji wimbo hata mmoja, na neno shukrani tulilolijengea sikukuu tumelibandika sisi baadaye. Miaka michache kabla ya meli kufika, maradhi ya kigeni yalikuwa yameshamaliza vijiji vizima vya Wawampanoag. Watoto wa waliokula pamoja siku zile walikuja kupigana vita vya kumalizana. Tangu mwaka 1970 watu wa makabila ya asili hukusanyika Plymouth siku yenyewe ya sikukuu, wakaiita siku ya maombolezo.

Lakini Plymouth ni mbali. Wewe umekulia Minnesota, na hapa kuna wimbo. Unaikumbuka ngome ya Fort Snelling, pale tunapopita tukienda uwanja wa ndege? Mwaka 1862 Wadakota, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa na njaa. Fedha walizoahidiwa kwa mkataba zilichelewa na chakula kikafungiwa maghalani. Agosti vita vikazuka, vya wiki chache, mamia ya walowezi wakauawa. Baada yake mahakama ya kijeshi ikawahukumu kifo Wadakota 303, kesi nyingine zikisikilizwa kwa dakika chache tu. Rais Abraham Lincoln akapunguza ile orodha. Tarehe 26 Desemba 1862, siku moja baada ya Krismasi, wanaume 38 walinyongwa kwa pamoja pale Mankato. Wanawake, watoto na wazee, karibu watu 1,600, walizuiliwa majira yote ya baridi chini ya ile ngome, na inakadiriwa kati ya 130 na 300 walikufa. Mwaka uliofuata wakafukuzwa Minnesota.

Na tarehe 3 Oktoba 1863 Rais huyo huyo alitia saini tangazo la kuwataka Wamarekani wote watoe shukrani Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Ndipo ilipoanza hii sikukuu tunayoila kila mwaka. Nimefanya kazi na kulipa kodi katika jimbo hili miaka mingi bila kuziweka tarehe hizo mbili pamoja. Nilipoziweka, sikulala.

Kuna wimbo wa Kidakota unaoanza Wakantanka taku nitawa. Maneno yake yaliandikwa na Joseph Renville, mtu wa damu ya Kidakota na Kifaransa, kule Lac qui Parle, hapa hapa Minnesota, karibu mwaka 1842. Unamsifu Mungu kwa kazi za mikono yake, mbingu na nyota alizozipanga, nchi aliyoitandaza, maji. Unatokana na Yeremia sura ya 10. Inasimuliwa kwamba wale 38 waliuimba wakienda kunyongwa. Uko kwenye kile kitabu chekundu cha nyimbo nilichokupa ulipoolewa, namba 837.

Nakuomba uuweke baada ya chakula, kabla ya pai ya maboga. Waeleze watu kwa kifupi, kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama mtu usoni kama unayemshitaki. Halafu muuimbe kwa sauti moja. Huu usiutafutie sauti ya pili wala ya tatu, tuni yake inasimama peke yake. Mwendo wa polepole, wa mtu anayetembea. Ukiisha, kaeni kimya mpaka mtoto mmojawapo aanze kuzungumza mwenyewe. Mkweo mzee anaweza kukunja uso. Ni mtu mwema, na mambo haya hakufundishwa. Sikwambii haya ili uikunje meza. Bibi yako alikuwa na sababu zote za kubaki nyumbani na kibuyu chake, akaenda, lakini hakujifanya kwamba mwaka ulikuwa mzuri. Babu yako naye hakujifanya. Alimtaja kwa jina kila aliyezikwa mwaka ule, ndipo akatoa sauti.

Sasa watoto. Wao wataulilia ule wa farasi na theluji, Over the River and Through the Wood, na wewe uwaimbie bila kununa. Uliandikwa na Lydia Maria Child mwaka 1844 kama shairi la mtoto wa New England anayekwenda kwa babu kula sikukuu. Nyumba aliyoifikiria iko Medford, Massachusetts, karibu na mto Mystic. Wengi siku hizi wanasema "kwa bibi". Yeye aliandika kwa babu. Mwambie mjukuu wangu mkubwa, anapenda kujua mambo ambayo wengine wanakosea. Na umwambie jingine. Mama huyo aliyeandika wimbo wa watoto, mwaka 1833 alitoa kitabu cha kutetea Waafrika waliokuwa utumwani Marekani, akitaka waachiwe huru mara moja na wapewe haki sawa. Wakati huo alikuwa mhariri wa gazeti la watoto lililopendwa sana. Wazazi wengi waliliacha, naye akalazimika kuacha uhariri. Hakurudi nyuma. Kila nikiwasikia wajukuu zangu weusi wakiuimba wimbo wake, wakirukaruka kwenye kochi, nafurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Zile nyingine nitazipitia upesi. We Gather Together utaombwa, kila mtu anaujua. Ni wimbo wa Kiholanzi wa kushangilia ushindi dhidi ya Wahispania kule Turnhout mwaka 1597, ulichapwa 1626, ukaingia Kiingereza mwaka 1894. Tuni yake ni tamu kabisa, lakini mimi maneno yake yananipa tabu, yale ya Mungu kuwa upande wetu vitani. Baada ya wimbo wa Wadakota usiuimbe kabisa. Uweke mwanzo, watu wakiwa bado wanavua makoti. Come, Ye Thankful People, Come wa Henry Alford, wa mwaka 1844, ndio unaokaribia mavuno yetu. Unaanza na ghala lililojaa kabla ya dhoruba, kisha taratibu unageuka kuwa mfano wa ngano na magugu, na mavuno yanakuwa sisi wenyewe. Ukiwa na waimbaji wanne wa kweli uimbeni kwa sauti nne. Mkwe wangu aimbe ya nne, na usimruhusu apige kinanda wakati huo huo, anapoteza mapigo.

Wa mwisho uwe wetu. Watu wakishanyanyuka, sahani zinapelekwa jikoni, anzisha Asante sana Yesu. Wageni wataushika baada ya mara mbili, maneno ni machache, na makofi hayahitaji tafsiri. Watoto wacheze. Huo hata babu yako hakuwa na hadithi yake. Alisema tu, "Huu chukueni," akaanza kupiga makofi.

Kuhusu sauti: usianze juu. Ukiwa na hofu unapandisha, nakujua, na wanaume watakwama kwenye ubeti wa pili. Kabla hujaanza Nun danket vuta pumzi, toa do ya chini kuliko unavyodhani inafaa, ushuke tena kidogo. Kile kipande kidogo cha chuma cha babu cha kutolea sauti nimekitia kwenye bahasha hii, kimefungwa kwenye leso. Kigonge kwenye goti, usikigonge mezani.

Zamu yangu inaanza saa moja usiku, na mapumziko ya kwanza ni saa tatu na nusu. Najua mtakuwa mmeshakula. Lakini nimebadili nilichokwambia juu: msiimbe ubeti wa tatu wa Nun danket mapema. Uachieni mpaka wakati huo, hata kama watoto wamelala. Nipigie, weka simu katikati ya meza, pale kwenye kile kibuyu cha ulezi nilichokupa, halafu toa do. Nitakuwa kwenye chumba cha akiba cha shuka, mlango nimeufunga. Nitaingia na sauti ya pili.

Mama yako